Siku niliyoangalia kidole gumba cha msomaji wangu

Riwaya yangu niliiandika kwa namna niliyojifunza kwenye vitabu nilivyokua navyo, yaani unaanza na nyumba, unaelezea ua, mti, mwanga wa asubuhi, afu ndo mtu anatokea, na mi uandishi huo naupenda mpaka leo. Lakini watu niliotaka waisome walikuwa wanasomea kwenye simu, kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu fupi fupi zinazoishia na "itaendelea". Basi nikamtumia binti wa kaka yangu sura ya kwanza nikamwomba aisome mbele yangu, mi nimekaa ubavuni kwake naangalia skrini.

Usoni sikumwangalia kabisa, niliangalia kidole gumba. Kilianza taratibu, kufika kwenye ua kikashika kasi, mti ukapita, mwanga wa asubuhi ukapita, afu ghafla kikatulia. Kilitulia pale mama mjane anapopewa barua na kuona mwandiko wa juu ya bahasha ni wa mume wake, mume ambaye walishamzika.

"Shangazi, hapa ndo stori inaanza."

"Na huko juu je?"

"Huko juu nimeruka. Pazuri, ila nilikuwa sijui nasubiri nini."

Sijui nasubiri nini! Watu wengi wanasema msomaji wa siku hizi hana subira, hataki kitu kirefu, na mi siamini, maana binti huyuhuyu anakesha na hadithi zenye sehemu kibao, akimaliza moja anatafuta nyingine. Subira anayo tena nyingi. Anachokataa ni kukaa kwenye ua wa nyumba ya watu asiowajua kabla hajapewa sababu ya kukaa.

Tukafungua kompyuta palepale. Bahasha nikaipandisha mpaka sentensi ya kwanza. Ua sikuufuta, niliuvunja vipande, ule mti nikauweka pale mama anapoushika ili asianguke, na mwanga wa asubuhi nikaufanya uwe saa ya hadithi, unasogea ukutani, unageuka wa mchana, wa jioni, na bahasha bado haijafunguliwa. Maneno ni karibu yaleyale ila sasa yana kazi. Aya nazo nikazikata, kwa sababu aya ambayo kwenye kitabu ni nusu ukurasa, kwenye simu inajaza skrini nzima bila pa kupumzisha jicho.

Tulipokuja kubishana ni kwenye aya moja ndefu ya mama amekaa na ile bahasha mapajani, hasemi kitu, watoto wanaingia na kutoka. Yeye akasema Shangazi hii ifupishe, au mama aifungue hapahapa tumalizie na siri. Nikakataa. Nikamweleza kuhusu Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kwamba mwaka 1860 jarida lake la kila wiki lilikuwa linapoteza wanunuzi kwa sababu hadithi ya mwandishi mwingine iliyokuwa inatoka humo haikuwavuta wasomaji, na yeye riwaya yake ya Great Expectations alikuwa ameifikiria kwa sehemu za kila mwezi, akaigeuza iwe ya kila wiki na ikaanza kutoka mwezi Desemba mwaka huohuo. Alibadilisha ukubwa wa kipande lakini undani wa watu wake haukupungua, na hicho ndicho nilichokuwa nakitetea. Kufuata msomaji kwenye simu yake ni sawa kabisa, mi nitamfuata popote anaposomea, ila sitamtoa mama kwenye huzuni yake haraka haraka eti kwa sababu skrini ni ndogo.

Na kuna kitu sikipendi kwenye hadithi nyingi za vipande, ile ya kukatisha kwa hila, mlango unagongwa usiku, itaendelea, afu kesho kumbe ni jirani tu amekuja kuazima kitu. Huko ni kumchezea mtu aliyekuamini. Bahasha yangu ina barua ya kweli ndani yake na nilikuwa najua imeandikwa nini, ndo maana nilikuwa na ujasiri wa kuiacha imefungwa.

Nikamtumia toleo jipya, nikakaa tena palepale. Safari hii hakuruka kitu. Kufika kwenye ile aya ndefu kidole kilipungua mwendo, akarudi juu kidogo, akaisoma tena, afu akaniuliza kama mama anaogopa barua ni ya kweli au anaogopa si ya kweli. Sikumjibu. Akaniambia aya bado ni ndefu, nikamwambia itabaki hivyo, akacheka, akaomba sehemu ya pili, na usiku uleule nikaanza kuiandika.