Siku Moja Maishani Mwangu: Kufunga Pampu Isiyotaka Mafuta Wala Umeme

Saa 12 asubuhi, korongoni, miteremko ya milima ya Uluguru, Morogoro. Mfuko wa vifaa haufunguliwi kwanza, tunapima. Ndoo ya lita 20 tukiikinga pale kijito kinapoporomoka inajaa kwa sekunde 30, yaani lita 40 kwa dakika. Halafu mpira mwangavu wenye maji ndani unatupa usawa: kutoka tutakapokinga maji hadi itakapokaa pampu ni mita 3 kushuka, na kutoka kwenye pampu hadi simtanki ya shambani ni mita 24 kupanda. Zidisha 40 kwa 3, gawa kwa 24, unapata lita 5 kwa dakika za kupanda juu. Haidramu, yaani pampu hii inayopandisha maji kwa pigo la maji yenyewe, ikiwa ya kujitengenezea hupoteza karibu nusu ya hizo, kwa hiyo mwenye shamba anaambiwa atarajie lita 2.5 hadi 3. Mradi ukianza bila vipimo hivi, mabomba yote yanayofuata ni ya kubahatisha.

Saa 2. Tunazamisha pipa lenye wavu kwenye kijito. Mdomo wa bomba unakaa sentimita 30 chini ya uso wa maji, maana ukiwa juu zaidi maji yanazunguka kama kwenye karai lililozibuliwa na kuvuta hewa. Hewa ndani ya bomba ni kama godoro: pigo linamezwa.

Bomba la kuteremsha ni chuma cha inchi moja na nusu, vipande vitatu vya mita 6, jumla mita 18, mara sita ya mteremko. Limelazwa moja kwa moja bila kinundu. Hapa ndipo watu wanapotaka kubana matumizi kwa kuweka plastiki, na ndipo pampu nyingi zinapofia. Mashine hii inaishi kwa kitu kimoja: maji yanayokimbia yakizibwa ghafla, yanagonga. Plastiki inatanuka kidogo kila pigo, na nguvu inaishia humo.

Saa 4 tunaunga pampu yenyewe. Tii, kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, ya kwanza inabeba valvu ya kumwaga, ya pili valvu ya kupandisha na chupa ya hewa. Valvu ya kumwaga lazima iwe ya shaba yenye ulimi unaoning'inia, na mshale wake uelekee chini. Ulimi unaanguka kwa uzito wake, maji yanapita yakitoka nje, yanaongeza kasi, yanaubeba na kuufunga kwa kishindo. Kishindo hicho kinafungua valvu ya pili na maji kidogo yanaruka kwenda juu. Shinikizo likishuka, ulimi unaanguka tena. Ukinunua valvu ya springi kwa nafasi hii umetupa pesa, kwa sababu springi inaufunga ulimi muda wote.

Chupa ya hewa ni bomba la PVC la inchi 3, lenye daraja la kuhimili shinikizo, urefu sentimita 60. Ndani tunaweka tyubu ya baiskeli iliyokunjwa, imepulizwa hadi inabonyea kwa kidole, isiwe ngumu. Bila tyubu, maji huilamba hewa taratibu, na siku chupa ikijaa maji matupu, mapigo yanapasua viungo.

Saa 7, ugali na maharage. Zege la msingi lilimwagwa wiki iliyopita. Bolti nne zinaikaza pampu, la sivyo mtikisiko hulegeza nyuzi zote.

Saa 8 tunafungua maji. Ulimi unafunga mara moja na kukwama. Ni kawaida: bomba la juu bado tupu, hakuna kinachosukuma maji kurudi nyuma. Tunabana koki ya kupandisha hadi karibu kufunga, na kidole gumba kinausukuma ulimi chini, mara 20, mara 30, hadi unashika wenyewe. Tak, tak, tak. Kisha koki inafunguliwa robo kwa robo.

Mapigo ni 90 kwa dakika, mepesi mno. Tunaongeza uzito kwenye ulimi: bolti ya milimita 6 na nati mbili. Sasa maji yanapata muda wa kushika kasi kabla ya kufunga, na mapigo yanashuka hadi 52, yenye kina.

Saa 10, kwenye simtanki. Chupa ya lita 1.5 inajaa kwa sekunde 32: lita 2.8 kwa dakika, 168 kwa saa. Simtanki ya lita 2,000 itajaa ndani ya saa 12.

"Mama, ukisikia mlio umekatika, kaangalie wavu kwanza," ndiyo maelekezo ya jioni kwa mwenye shamba. Masika majani huziba kila siku. Mlio ukiendelea lakini maji juu yakipungua, ni mchanga kwenye valvu ya pili. Mlio ukiwa mkali wa chuma kwa chuma, tyubu imetoboka.

Saa 11 jioni tunafunga mfuniko wa pipa kwa waya. Koki ya kupandisha inaachwa wazi hadi asubuhi.