Shanga juu ya sheria

Ukitaka kumwelewa Nadia Myre, msanii wa Kanada wa jamii ya Algonkini, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo, anza na sindano, siasa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alizifunika kwa shanga kurasa 56 za Indian Act, sheria ya 1876 inayowatawala wenyeji asilia wa kule. Maneno yakawa shanga nyeupe, nafasi zilizobaki nyekundu. Watu zaidi ya 200 walishona pamoja naye.

Msitari wa shanga una adabu zake. Tunga mbili au tatu, shona chini, rudi nyuma upite tena kwenye ile ya mwisho, la sivyo msitari unayumba. Ukivuta uzi mno kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, shanga zinacheza. Tundu lenye ukingo mkali hukata uzi na safu nzima humwagika, ndiyo maana uzi hupakwa nta ya nyuki kwanza.

Baadhi ya kurasa ziliachwa nusu. Kwangu hizo ndizo kali zaidi: unaiona sheria ikimezwa neno kwa neno. Na ni sheria hiyohiyo iliyomvua mwanamke hadhi yake ya kisheria ya uenyeji akiolewa na asiye mwenyeji, mpaka 1985. Myre na mama yake walirudishiwa yao 1997.

Mwaka 2005 akaanza Scar Project, yaani Mradi wa Makovu: kila mshiriki alipewa kipande cha turubai cha mraba, uzi na sindano, akashona kovu lake, la mwili au la moyo, kisha akaandika kisa chake pembeni. Wengine walipasua turubai kwanza ndipo wakaishona.