Manukato ya Jua na Udi

Nilichokipenda katika manukato haya ni kwamba hayana papara. Ukiyapulizia kwenye kifundo cha mkono, kwanza hupanda harufu ya chungwa na pichi, changamfu kama mwanga wa asubuhi. Lakini harufu za jamii ya machungwa ni nyepesi, hivyo joto la ngozi huzifukuza mapema, na hapo ndipo udi unapojitokeza taratibu, mkavu na wenye moshi kidogo.

Udi huo, ambao Waarabu wameufukiza nguoni na majumbani kwa karne nyingi, hutokana na miti ya Aquilaria ya Asia ambayo, ikijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujitetea kwa kutoa utomvu mzito mweusi. Kwa maneno mengine, tunajipaka maradhi ya mti, tena kwa bei ghali.

Chupa yangu ya kwanza niliianika dirishani, nikiona manukato ya jua yanastahili jua. Baada ya miezi michache harufu ya matunda ilikuwa imechachuka, kwa kuwa mwanga na joto huiharibu. Chupa ya pili hukaa kabatini, gizani.