Siku kaka alipowasha taa mwenyewe

Kaka yangu mkubwa ana mtindio wa ubongo toka utotoni, mikono inakaza, vidole vinajikunja ngumi na gumba linaingia ndani, kuongea haongei ila anaelewa kila kitu, na siku ninayoisimulia alishapita miaka thelathini, mtu mzima na ndevu zake. Umri nautaja kwa sababu ndo ulioleta maneno pale nyumbani Mikindani.

Ilikuwa msimu wa korosho. Akaja dada mmoja mtaalamu wa mazoezi tiba, alikuwa anapita kumuona kaka mara mojamoja, akamwambia mama kuna vifaa vya kuchezea vyenye taa vimefika kwenye kituo kimoja mjini, vya watoto na wakubwa wenye ulemavu, mleteni. Shangazi alikuwa pembeni anabangua korosho akadakia, "Wifi, mtu na ndevu zake mkamchezeshe taa kama mtoto mchanga? Si kumdhalilisha huko?" Mama kimya. Mi iliniuma ila shangazi nilimuelewa, yeye ndo alikuwa anambeba kaka mgongoni kumpeleka hospitali ya Ligula enzi hizo yuko mdogo, na watu walivyokuwa wanamchungulia njiani hajasahau mpaka leo. Yule dada wala hakukasirika, akamwambia shangazi, vyumba vyenye vifaa vya taa kama hivi vilianzia Uholanzi miaka ya 1970, kwenye vituo vya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, na watu wazima walikuwemo, havikuanzia chekechea.

Basi tukapanda bajaji mpaka mjini, mama kamshika huku mi nimemshika kule.

Chumba chenyewe kidogo, madirisha yamezibwa na vitenge, joto la Mtwara unalijua. Kabla hatujaingia dada akauliza tena kama kaka ana kifafa au aliwahi kupata degedege, maana taa za kuwakawaka harakaharaka zinaweza kumuamshia mtu kifafa, hasa zikiwaka na kuzima kuanzia mara 3 mpaka 30 kwa sekunde, kwahiyo zake zote aliziweka zibadilike rangi taratibu. Nilimpenda kwa hilo. Ndani kulikuwa na bomba refu la plastiki limejaa maji, pampu chini inapandisha mapovu na taa inayapaka rangi, halafu kuna fungu la nyuzi ndefu laini zinazong'aa, mi nikaogopa shoti, kumbe umeme unaishia kwenye boksi, kwenye nyuzi unapita mwanga tu, unazishika, unajizungushia shingoni, hazichomi.

Mtoto mmoja mwenye usonji aliziba masikio akaanza kulia, wakazima vyote wakabakiza nyuzi peke yake, sauti ya pampu ndo ilikuwa inamkera, akatulia mwenyewe akazikalia karibu. Kila mtu na chake.

Zamu ya kaka ikafika. Akawekewa kitufe chekundu kikubwa kama sahani ya kikombe, ukikigusa popote bomba linawaka. Mama akanyoosha mkono amsaidie, amezoea, miaka yote ndo anamlisha, anamvalisha, anamgeuza, hata chaneli ya tivii tunamchagulia sisi. Dada akasema, "Mama, muache kwanza, tumsubiri." Tukasubiri. Yani tulisubiri mpaka mi nikataka kusema basi inatosha, mkono unaenda unarudi, unapita juu ya kitufe, jasho linamtoka, mara akakilalia na upande wa kiwiko. Bomba likawaka bluu.

Kaka alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Akabonyeza tena, likazima. Akamuangalia mama usoni, akasubiri, akawasha. Halafu akazima akatuacha gizani kwa makusudi kabisa, sote tumekaa tunamngoja yeye aamue. Mama alilia. Nadhani nililia na mimi.

Baadaye akasogezwa akalikumbatia lile bomba, linatetemeka kidogo ukiliegemea, nikaona gumba limetoka nje ya ngumi. Dada akatuambia wazi hii siyo dawa, mtindio wa ubongo hauponi kwa taa, ni nafasi ya mtu kufurahi na kufanya kitu mwenyewe.

Mi nikaenda kwa fundi redio na taa za urembo za betri, maana umeme wetu na kukatika kwake, akaniungia swichi chini ya kifuniko cha ndoo kipana, zinawaka moja kwa moja bila kumetameta. Siku ya kwanza kaka aliiwasha usiku mpaka betri zikaisha.

Shangazi alikuja jioni moja akamkuta mkekani na taa zake. Hakusema neno, akakaa. Wakati anachambua mchele watoto wa jirani wakaingia wakaanza kuiparamia ile swichi, akawafokea, "Hiyo ina mwenyewe! Muombeni kaka yenu kwanza."