Siku ya meli Maskati

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaswali, nakunywa chai ya maziwa kwa mandazi yaliyobaki jana. Msimu wa meli za watalii Oman huanza Oktoba ukaisha Aprili, jua likiwa na huruma. Miezi mingine sisi wa teksi twarudia abiria wetu wa uwanja wa ndege na wa hospitali. Leo imeingia meli kubwa, na gari nililiosha tangu usiku.

Saa moja na robo niko nje ya lango la Bandari ya Sultan Qaboos, hapa Mutrah. Makontena huyaoni tena. Mizigo ilihamishiwa bandari ya Sohar mwaka 2014, gati zikaachiwa wageni. Abiria haruhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya bandari, basi la bure humleta hadi langoni. Akishuka tu anatukuta tumejipanga na teksi zetu nyeupe na chungwa, tumevaa kanzu na kofia, kila mtu na bei yake mdomoni. Udereva wa teksi huku ni wa Waomani peke yao, kwa hiyo twajuana, na mizaha mingi ya asubuhi hupigwa kwa Kiswahili. Wazee wetu walirudi kutoka Unguja, Pemba, wengine Mombasa na Burundi, na lugha wakaja nayo.

Saa mbili kasorobo napata mtu na mkewe, wazee wa Kijerumani. Wanataka Nizwa, mji wa ngome ulioko bara, wanataka jangwa, na saa kumi wawe melini. Nawaambia ukweli: Nizwa peke yake ni saa moja na nusu kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Aliyepanda ziara ya meli akichelewa, meli humngoja. Aliyepanda teksi yangu hangojwi na mtu. Mzee anamtazama mkewe, mkewe anatazama saa. Wanakubali kubaki mjini, na bei tunaimaliza hapo hapo kabla ya kupanda gari, maana bei isiyokatwa asubuhi ni ugomvi wa jioni.

Siku ya namna hii inaendeshwa na milango miwili. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hupokea wasio Waislamu saa mbili hadi saa tano asubuhi, Ijumaa hapana. Soko la Mutrah nalo maduka yake mengi hufungwa saa saba mchana hadi saa kumi. Ukianza na soko, msikiti umekupita. Ndiyo maana twaenda msikitini kwanza, ingawa ni mwendo na soko liko pua na mdomo na bandari.

Bibi mtandio anao, ila suruali yake inaishia juu ya vifundo vya miguu, mlangoni wanamrudisha. Anakodi baibui hapo hapo, linamburura kidogo, anacheka. Ndani mumewe ananyanyua macho kwenye thuraya, kama kila mgeni. Mimi namwonyesha chini. Zulia lile ni mita 70 kwa 60, limefumwa Iran na wanawake 600 kwa muda wa miaka minne. Wageni hawalikanyagi, hupita juu ya busati la buluu lililotandikwa kando. Bibi anachutama pembeni ya busati, anasogeza uso karibu na maua yale bila kugusa. Anakaa hapo mpaka mlinzi anamkoholea.

Saa tano na nusu tuko mbele ya kasri la Al Alam, ngome za Jalali na Mirani huku na huku, zilizoachwa na Wareno. Picha, tumeondoka.

Sokoni nimewapa muda mrefu, na hapo sioni aibu kuwapeleka kwa mzee ninayemjua. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Wageni wako wana haraka?" Wajerumani wanatutazama, hawakutegemea kusikia hayo Uarabuni. Mzee anamwaga ubani wa Dhofar kwenye kiganja na kuuchambua: huu wa manjano na vumbi ni wa bei ndogo, huu mweupe unaopitisha mwanga, wenye ukijani kwa mbali, ndio wa kuchoma mbele ya wageni. Anaweka punje moja kwenye chetezo. Mzee wa Kijerumani, aliyekuwa akibisha bei ya kila kitu tangu asubuhi, analipa bila neno.

Mchana tunakula nguru wa kukaanga na wali, kisha tunatembea taratibu ufukoni, shakwe wamejaa ukutani. Saa tisa na nusu nimewafikisha langoni.

Jioni tunakutana madereva kwenye mishkaki ya kando ya barabara. Mwenzetu mmoja aliwapeleka wake Nizwa, akalipwa mara mbili yangu. Anasema walilala njia nzima kwenda, wakaiona ngome kwa nje, na kurudi bibi alikuwa akilia kwa hofu ya kuachwa na meli. Walifika basi la mwisho la bandari likiwasha injini. Kaniahidi keshokutwa atanitafutia wa Nizwa na mimi. Nimemwambia asijisumbue, ila mishkaki ya leo alipe yeye.