Tulivyoigeuza Betri ya Trekta ya Mjomba

Mjomba alikuwa na hoja moja na hakutaka kuiachia: ukigeuza betri, chanya mahali pa hasi, stata, ile mota ya kuwashia injini, itazunguka kinyumenyume, na meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, yatasagika siku hiyohiyo. Aliisema asubuhi, akairudia mchana, na fundi umeme alipofika na mkoba wake wa vifaa aliambiwa hivyohivyo kabla hata salamu hazijaisha.

Trekta yenyewe ilikuwa Massey Ferguson 35, ile ya injini ya Perkins ya silinda 3, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini haikuwa na lawama. Ukiipa dizeli safi na oili, inafanya kazi mpaka uchoke wewe. Umeme ndio uliokuwa kilio. Dinamo ilichaji ilipojisikia, betri ililala karibu kila asubuhi, na taa za mbele zilifuata pumzi za injini: ukiongeza mafuta zinang'aa, ukipunguza zinafifia hadi unauona uzi wa balbu ukiwa mwekundu. Mjomba naye alitaka kulima usiku, maana mvua zikikaribia mchana hautoshi, na trekta ni moja tu.

Wazo la kuondoa dinamo na kuweka oltaneta, kichaji cha betri cha magari ya leo, lilikuwa langu. Nilikuwa nimejifunza umeme wa magari kiasi cha kujiamini, lakini si kiasi cha mjomba kuniamini, ndiyo maana fundi akaitwa.

Tatizo ni kwamba trekta ile, kama mashine nyingi za Uingereza za enzi zake, ilifungwa kinyume cha magari ya leo. Chanya ya betri ndiyo iliyoshika chesisi, na hasi ndiyo iliyopeleka moto, yaani umeme, kwenye vifaa. Dinamo haijali sana mambo hayo. Ukigusisha waya wa fildi, ule wa koili zake za sumaku, kwenye moto kwa nukta moja, sumaku iliyobaki ndani yake inageuka na inaanza kuchaji upande unaoutaka. Oltaneta haina uvumilivu huo. Ndani yake kuna daiodi, na daiodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Funga betri kinyume, moto wote wa betri utapita humo kutafuta njia, na daiodi zitaungua kabla hujainyanyua spana. Kwa hiyo, ama tutafute oltaneta adimu ya ethi ya chanya, yaani inayoshika chanya kwenye chesisi, ama tuigeuze trekta nzima ishike hasi kwenye chesisi. Fundi alisema tugeuze. Mimi nilisema tugeuze. Mjomba akasema stata.

Fundi hakubishana naye. Aliifungua stata, akaibana kwenye jiriwa, akavuta betri karibu na kuniomba nyaya za jampa. "Mzee, sogea hapa uangalie ncha ya shafti," alimwambia mjomba. Akagusisha mara ya kwanza: stata ikaruka kidogo, ikanguruma, shafti ikazunguka kuelekea kulia. Akabadilisha nyaya, chanya mahali pa hasi na hasi mahali pa chanya, akagusisha tena. Ikazunguka kulekule.

Mjomba alinyamaza, kisha akataka arudie. Fundi akarudia.

Kisha akatoa mkobani mota ndogo ya waipa ya gari, akaifanyia vilevile, nayo ikageuka kinyume kama mjomba alivyotabiri. Hapo ndipo alipoeleza. Mota ya waipa ina sumaku ya kudumu, kwa hiyo ukigeuza moto unageuza upande mmoja tu wa mvutano. Stata ya zamani haina sumaku ya kudumu hata chembe. Sumaku yake yote inatokana na koili, za pembeni na za kati, na moto ni uleule unaopita kote. Ukiugeuza, koili zote zinageuka pamoja, na msukumo unabaki ulivyokuwa. "Kumbe angesema hivyo tangu mwanzo," mjomba aliniambia pembeni. Nadhani angesema hivyo tangu mwanzo, tungekuwa tunabishana hadi leo.

Kazi ya kubomoa ilikuwa chafu kuliko nilivyotarajia. Nyaya za kiwandani zilikuwa na gamba la kitambaa, na baada ya miaka mingi ya joto na dizeli gamba lile lilikuwa linapukutika mkononi. Panya nao walikuwa wamefanya yao chini ya dashibodi. Katauti, kile kisanduku cha kudhibiti chaji ya dinamo, niliifungua kwa udadisi tu: ndani kulikuwa na platini mbili za kugusana zilizoungua hadi kufanya kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, na mtu fulani wa zamani alikuwa amekunja kipande cha karatasi ya sigara akakichomeka chini ya springi ili kupandisha chaji. Fundi alikitazama kipande kile, akacheka, akasema huyo aliyefanya hivyo alikuwa anajua anachokitafuta.

Oltaneta tuliyoipata ilikuwa ya mitumba, kutoka kwenye gari dogo, yenye regyuleta yake, kidhibiti cha volti, humohumo ndani na uwezo wa amperi 36. Dinamo ya zamani, hata ilipokuwa mpya, ilitoa amperi 20 hivi, tena injini ikiwa imechangamka. Tulipiga hesabu ya taa juu ya kifuniko cha injini kwa chaki: taa 2 za mbele, 2 za nyuma za kumulikia plau, kila moja wati 55. Jumla wati 220, yaani zaidi ya amperi 18 kwa volti 12. Dinamo ingezilisha taa na kubakiwa na makombo ya kuirudishia betri kile ambacho stata ilikula. Hesabu hiyo mjomba aliielewa haraka kuliko ile ya koili.

Puli ndiyo iliyotusumbua. Mkanda wa feni wa trekta ni mpana, na puli ya oltaneta ya gari ilikuwa na mfereji mwembamba, kwa hiyo mkanda ulikuwa unakaa juujuu badala ya kuzama. Puli ya dinamo ilikuwa na upana sahihi lakini tundu lake halikulingana na shafti mpya. Ikapelekwa kwa fundi wa kerezo, akalipanua tundu na kukata njia ya kipini. Iliporudi tulipima mstari kwa kuegesha rula ya chuma kwenye puli ya kreki, ile ya injini yenyewe, na oltaneta ilikuwa imetoka nje kwa unene wa washa mbili. Tukaweka washa mbili. Kuna watu hupuuza hatua hii kisha wanalalamika kwamba mikanda ya siku hizi ni mibovu.

Waya mkuu wa chaji tuliubadilisha wote. Zamani ulipitia kwenye amita, kipimo cha amperi, na amita ile ilikuwa na alama mwisho amperi 30 kila upande, kwa hiyo amperi 36 zingekuja kuiunguza siku betri ikiwa tupu. Tulivuta waya mpya wa milimita 6 za mraba kutoka oltaneta moja kwa moja hadi kwenye bolti kubwa ya stata, pale kebo ya betri inapofikia. Mahali pa amita tukaweka voltimita. Mjomba hakufurahi. Alikuwa ameizoea ile sindano ya kucheza kushoto na kulia, na alidai kwamba voltimita ni ya wavivu. Taa tulizipitisha kwenye rilei, swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo, kila jozi na fyuzi yake, maana swichi ya zamani isingebeba mzigo ule bila kuyeyuka.

Kisha ikaja betri yenyewe. Hapa kuna jambo ambalo halionekani mpaka ulishike: kichwa cha chanya kwenye betri ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Tofauti yake ni chini ya milimita 2, lakini inatosha. Kishikizo kilichokuwa kwenye kebo ya ethi kilipwaya kabisa juu ya kichwa cha hasi, na kile kingine hakikuingia kwenye chanya hata kwa kukipanua. Mjomba akapendekeza kugonga kwa nyundo. Fundi akaichukua nyundo, akaiweka nyuma yake, akakata vishikizo vyote viwili na kufunga vipya. Upande wa chesisi nao tulikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, tukakaza bolti, tukapaka grisi juu. Nusu ya magonjwa ya umeme wa trekta kuukuu yako hapo tu, kwenye ethi iliyokaa juu ya rangi.

Wakati wa kuunganisha, fundi alitusogeza wote nyuma. Alifunga chanya kwanza. Kisha akachukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaiweka kati ya kebo ya ethi na kichwa cha hasi, huku swichi zote zimezimwa. Balbu haikuwaka. Kama daiodi zingekuwa zimeungua, au waya mmoja umekaa vibaya, ingewaka palepale, na hasara ingeishia kwenye balbu. Ndipo akafunga hasi.

Stata ilizungusha injini mara moja, kwa upande ulio sahihi, na Perkins ikashika. Wote tukaitazama voltimita. Sindano ilisimama kwenye volti 12 na kidogo, ikabaki hapo. Oltaneta inazunguka, mkanda umekaza, waya umekaza, chaji hakuna.

Mjomba hakusema neno, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi kuliko kusema.

Fundi aliniuliza kama taa nyekundu ya dashibodi iliwaka kabla ya kupiga stata. Nilipokumbuka vizuri, haikuwaka. Akazima injini, akaichomoa balbu yake, akaishikilia dhidi ya mwanga: uzi ulikuwa umekatika. Watu wengi hudhani taa ile ni ya kumtisha dereva tu, kumbe kwenye oltaneta ya aina hiyo ndiyo inayopitisha moto wa kwanza kwenye rota, koili ya ndani inayozunguka. Bila huo moto mdogo, rota haina sumaku ya kutosha, na oltaneta inazunguka bure mpaka uikimbize sana ijiamshe yenyewe kwa sumaku iliyobaki. Ukiweka taa ya LED pasipo kuisaidia kwa rezista, unaweza kupata ugonjwa huohuo. Tuliweka balbu nyingine ya wati 2.2. Ufunguo ulipowashwa, taa nyekundu ikawaka. Injini iliposhika ikazimika yenyewe, na sindano ikapanda taratibu hadi volti 14.2 injini ikiwa inanguruma polepole, mahali ambapo dinamo ya zamani isingechaji hata kidogo.

Kabla ya kuondoka fundi aliacha maagizo mawili: betri isifunguliwe injini ikiwa inazunguka, na siku ya kuchomelea chuma chochote kwenye trekta, nyaya za oltaneta zichomolewe kwanza. Mjomba aliyaandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda, kwa herufi kubwa, na chini yake akaongeza la tatu la kwake kwamba mimi nisiguse chochote bila yeye kuwepo.

Jioni ile tulitoka na plau. Nilisimama pembezoni mwa shamba. Mjomba akawasha taa zote nne kwa mpigo, injini ikazama kidogo kisha ikajirudi. Mwanga ulikuwa mweupe na umetulia, hata alipopunguza mafuta ili kugeuka mwisho wa mfuo. Nikamkaribia kwa miguu kuuliza sindano inasemaje. "Kumi na tatu na nusu," akapiga kelele juu ya mlio wa injini. Aliporudi mzunguko uliofuata akapiga kelele tena, bila kuulizwa: "Kumi na tatu na nusu!" Alikuwa haondoi macho kwenye ile voltimita ya wavivu, na mfuo nyuma yake ukaanza kujikunja kuelekea kwenye ua.

"Mjomba," nikamwita, "tazama mbele!"