Franco Baresi na mstari wa mabeki

Hapa Malindi Kiitaliano husikika sokoni hadi ufukweni, lakini vijana wetu wanaocheza beki wanamjua Maldini kuliko Franco Baresi, beki wa kati wa Italia aliyecheza naye klabu ya Milan. Hiyo ni hasara, hasa kwa kijana asiye na mwili mkubwa. Baresi alikuwa na urefu wa mita 1.76 tu. Klabu ya Inter walimkataa, wakabaki na kaka yake Giuseppe. Yeye akaenda Milan, akacheza mechi yake ya kwanza ya Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 1978, na hakuhama hadi alipostaafu 1997 akiwa na mechi 719. Milan iliposhushwa daraja 1980, kisha ikashuka tena 1982, alibaki nayo. Jezi yake namba 6 haijavaliwa tena, na kuanzia 2002 aliwafundisha vijana wa klabu hiyohiyo.

Kocha Arrigo Sacchi alipofika Milan 1987 alimfanya Baresi kiongozi wa mstari wa mabeki wanne. Mazoezini aliwaweka hao wanne na kipa dhidi ya wachezaji kumi, nyota wa Milan Gullit na Van Basten wakiwemo, kwa dakika 15. Hao kumi hawakupata bao.

Kocha wa hapa anaweza kuanza na kamba tatu za mita nane hivi, kuwafunga mabeki wanne viunoni. Mpira ukienda kulia, wote wasogee kulia. Anayechelewa huvutwa na kamba. Kisha fundisha lini wapande, yaani wasogee mbele. Mpinzani akirudisha pasi nyuma, au akiupokea mpira akiwa ameligeukia goli lake, mpande kwa pamoja. Akiwa huru na kichwa juu, rudini mapema, hata kama refa amekuwa akiwapa kuotea (mshambuliaji kuwa nyuma ya beki wa mwisho pasi inapopigwa) siku nzima. Mabao mengi yanaingia hapa: mabeki wanapanda wakati hakuna kiungo anayembana mwenye mpira. Kosa la pili ni beki mmoja wa pembeni kubaki nyuma hatua moja; huyo peke yake anawahalalisha washambuliaji wote. Na tangu 1990 mshambuliaji aliye sambamba na beki wa mwisho hajaotea, kwa hiyo mpande hatua kamili.

Kusi ikivuma, sauti ya beki wa kati haimfikii wa pembeni. Ainue mkono, kama Baresi alivyozoea. Mpinzani akiwa na upepo mgongoni, mstari ushuke mita tano hadi kumi, maana mpira wa juu utaruka mbali kuliko wanavyokadiria.